Utungo Usio na Ubeti wa Jina: Dorothy Sayers na Kazi ya Mwandishi wa Matangazo

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hufundishwa shuleni tangu madarasa ya chini, na mwalimu akiisha kuifafanua wanafunzi hutikisa vichwa kukubali. Lakini mwanafunzi yuyo huyo, atokapo darasani na kushika njia ya kwao, hukuta mabango marefu kuliko miembe yakimwimbia sifa za sabuni, soda, simu na benki. Ikiwa kizuri chajiuza, mbona vitu vyote hivi vinajitembeza? Je, vyote ni vibaya? Au wahenga hawakuijua biashara ya leo? Na yule aliyeketi mahali akayatunga maneno yale tumwiteje: fundi wa lugha, au dalali tu?

Makala haya yanakusudia kumtazama mtunzi wa namna hiyo kwa jicho la uhakiki. Katika shule zetu tumezoea kuhakiki shairi, riwaya na tamthilia. Tangazo la biashara tumeliacha lipite, kana kwamba halikuundwa kwa lugha. Na hali ndilo utungo usomwao hata na mtu asiyefungua kitabu mwaka mzima. Fauka ya hayo, miongoni mwa vijana wetu wenye vipaji vya kalamu, huenda wengi wakaajiriwa na ofisi za matangazo kabla hawajamwona mchapishaji wa vitabu. Yafaa basi wajue ni kazi gani hiyo, ina heshima gani, na ina hatari gani.

Kwa mfano nimemchagua mwandishi wa Uingereza, Dorothy L. Sayers. Sababu yangu ni moja. Waandishi wengi wamepata riziki kwa kutunga matangazo, lakini ni wachache waliotunga matangazo yakavuma, kisha wakaandika riwaya nzima juu ya ofisi ya matangazo, na baadaye wakasimama hadharani kuipima biashara hiyo kwa mizani ya maadili. Sayers aliyafanya yote matatu. Kwa hiyo tunaweza kumhukumu kwa ushahidi wa kalamu yake mwenyewe.

Maisha na kazi yake

Sayers alizaliwa mjini Oxford mwaka 1893, binti wa kasisi. Alisoma katika Chuo cha Somerville, akamaliza mwaka 1915 kwa daraja la kwanza katika lugha, hasa Kifaransa cha kale. Siku zile Chuo Kikuu cha Oxford hakikuwa kikiwapa wanawake shahada hata wakishinda mitihani; ya kwake alikabidhiwa mwaka 1920, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuipata. Kabla ya hapo alikwisha kutoa vitabu viwili vya mashairi, mwaka 1916 na mwaka 1918. Alikuwa pia amefundisha shule mjini Hull, akafanya kazi kwa mchapishaji wa vitabu, na akakaa shuleni Ufaransa kwa muda. Ndiyo kusema alikuwa mshairi, mwalimu na msomi; lakini mambo yote matatu hayakumpatia kodi ya chumba ya kutegemewa.

Mwaka 1922 aliingia katika ofisi ya matangazo ya S. H. Benson, London, na akatumika huko kwa miaka mingi ya muongo ule. Mwaka uliofuata, 1923, ilitoka riwaya yake ya kwanza ya upelelezi, yenye shujaa aitwaye Bwana Peter Wimsey. Mchana alisifu bidhaa za watu. Usiku alifukuza wauaji wa kubuni.

Jambo hili lisimshangaze msomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert aliingia katika idara ya forodha mwaka 1926, akaendelea kuitumikia serikali ya kikoloni katika ofisi mbalimbali huku akitunga. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa Bwana Msa, mpelelezi wetu mwenye kiko, alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima kuanzia mwaka 1958 hadi 1968. Kalamu yenye waajiri wawili si kioja kwetu. Swali ni kama waajiri hao wawili wanaweza kukaa nyumba moja bila kuoneana aibu.

Chama cha Haradali

Tangazo lililompa Sayers sifa lilihusu haradali. Wasomaji wengi wanaijua haradali kwa ule mfano wa Injili wa punje ndogo. Waingereza huisaga wakaila pamoja na nyama. Kampuni ya Colman ya mji wa Norwich ilikuwa ikiiuza tangu karne ya 19, na jina lake lilikuwa maarufu majikoni. Hapa ndipo methali yetu inapoanza kupata taabu. Haradali ile haikuwa mbovu, wala haikuwa ngeni. Ilikuwa nzuri, na ilijulikana. Ila mtu hukizoea kitu kizuri hata asikione tena.

Mwaka 1926 ofisi ya Benson ilibuni Chama cha Haradali. Mabango yaliuliza wapita njia kama wamekwisha kujiunga na chama hicho, bila kueleza ni chama gani. Watu walipoanza kuulizana, wakaletewa magazetini viongozi wa chama, kila mmoja na jina lake: mmoja ni mwungwana wa nyama ya ng'ombe, mwingine ni bwana mkubwa wa nyama ya nguruwe, na binti mmoja ambaye jina lake likitamkwa upesi lasikika kama mtu asagaye chakula tumboni. Sayers alikuwa miongoni mwa waandishi wakuu wa kampeni hiyo, na michoro ilitiwa mkono na John Gilroy. Mzaha ukakua. Watu wakaandika barua kuomba uanachama, beji zikatolewa, na chama kilichozaliwa katika meza ya ofisi kikawa na wanachama wenye pumzi.

Mhakiki akiyatazama maneno hayo atatambua mara moja zana za fani yetu. Majina yale ni majazi, sawasawa na majazi tunayoyakuta katika Kusadikika. Lile swali la mabango ni takriri. Lile fumbo la kuficha maana mpaka watu waulizane ni mbinu ya mtega kitendawili. Hivyo anayedai kwamba kazi ya matangazo haihitaji ufundi wa lugha hajapata kuijaribu. Kumfanya mtu aliyechoka, akiwa basini jioni, acheke kwa sababu ya kikolezo cha nyama si jambo la mchezo.

Lakini ufundi una pande mbili. Ofisi hiyohiyo ya Benson ilitangaza pombe ya Guinness kuanzia mwaka 1929, na wito wake mkuu ulikuwa kwamba kinywaji hicho chaufaa mwili. Mwaka 1935, wakati Sayers alikwisha kuondoka, ulitoka mchoro wa Gilroy wa ndege mwenye mdomo mkubwa aitwaye tukani, pamoja na beti fupi zinazohesabiwa kuwa za Sayers, na beti hizo zinauchezea wito uleule. Ni beti nyepesi, zenye vina vya kupendeza. Lakini zilisema nini? Zilisema pombe ni afya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Simlaumu mtunzi kwa elimu ambayo wakati wake haikuwapo. Nauliza tu kama kuna mtu pale ofisini aliyeona ni wajibu wake kuuliza. Vina vikiwa vitamu, swali la ukweli husahauliwa upesi.

Riwaya ya ofisi

Mwaka 1933 Sayers alitoa riwaya iitwayo Murder Must Advertise, yaani mauaji hayana budi kujitangaza. Ofisi ya matangazo inayosimuliwa humo ni ya kubuni, lakini imechorwa kwa kuifuata ofisi ya Benson. Mwandishi mmoja wa matangazo anaanguka katika ngazi ya chuma inayojipinda, anakufa. Bwana Wimsey anaingia kazini kwa jina la kupanga, kama mwandishi mpya, ili achunguze. Mwuaji sitamtaja, nisimwibie msomaji raha yake.

Uzuri wa kwanza wa riwaya hii ni ukweli wa mahali. Tunawaona makarani wakigombania chai, wachapaji wakisengenya, mtoto wa kutumwa akijua siri kuliko mabwana, na waandishi wenye shahada wakikesha juu ya neno moja la dawa ya neva. Kila aliyepata kufanya kazi ofisini, iwe London, Dodoma au Mombasa, atawatambua watu hawa. Tunaiona pia hofu yao: kwamba tangazo litatoka na maana mbili, moja ya heshima na nyingine ya aibu, na wasomaji waione ile ya aibu.

Uzuri wa pili ni fumbo lililo katikati ya hadithi. Genge la wauza dawa za kulevya linatumia tangazo la gazetini kama ishara. Herufi ya kwanza ya kichwa cha tangazo la ile dawa ya neva huonyesha jina la baa ambamo shehena itagawanywa wiki hiyo. Watu maelfu wanalisoma, na kila mmoja anaona maneno ya kumfariji mchovu. Wachache tu wanajua kwamba chini ya maneno hayo kuna sumu inayotembea. Sijui ishara iliyo wazi kuliko hiyo kwa hatari ya lugha ya biashara: neno moja lina kazi mbili, na aliyelitamka anamwonyesha msomaji kazi moja tu.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba mpelelezi mwenyewe anaionja kazi ile na kunogewa. Wimsey, mtoto wa jumba la kikabaila, anabuni kampeni ya sigara ambamo mvutaji hukusanya kuponi za pakiti na kuzibadilisha kwa safari na starehe. Kampeni inavuma nchi nzima, naye anafurahi kama mtoto. Sayers hakujificha nyuma ya shujaa msafi. Alikiri kwamba kazi ile ni tamu, na kwamba utamu huo ndio mtego wake.

Hata hivyo riwaya ina kasoro, na mwanafunzi asiogope kuitaja. Sayers alikusudia kulinganisha dunia mbili za karatasi: ya matangazo na ya matajiri wavuta dawa, zote zikiishi kwa ndoto za bandia. Fikra ni nzuri, lakini mizani haikukaa sawa. Ofisi inapumua; karamu za matajiri hazipumui. Watu wa kule wanasema kama wasemavyo watu wa kwenye sinema, na mavazi ya ajabu ya Wimsey katika sehemu hizo hayamshawishi msomaji. Sababu si ngumu kuiona. Ofisi aliiishi, karamu zile alizisikia. Na hilo ni somo kwa kila kijana anayeandika hadithi juu ya maisha ya Ulaya ambayo hakuyaona, akaacha soko la kwao analolijua kwa harufu.

Baada ya kalamu ya kukodiwa

Sayers aliishi hadi mwaka 1957. Miaka yake ya mwisho aliitumia katika mambo aliyoyapenda tangu ujana: tamthilia za dini zilizosomwa katika redio ya BBC mwaka 1941 na 1942, na tafsiri ya utenzi mkuu wa Dante. Sehemu ya kwanza ya tafsiri ilitoka mwaka 1949 na ya pili mwaka 1955. Ya tatu alifariki hajaimaliza, ikakamilishwa na Barbara Reynolds na kutoka mwaka 1962. Katika hotuba zake za wakati wa Vita Kuu ya Pili alishambulia uchumi ambao lazima watu wachochewe watamani wasivyovihitaji ili viwanda visisimame. Mwaka 1942 alisema kwamba kazi yapasa kupimwa kwa ubora wa kitu kinachotengenezwa, si kwa malipo yake pekee.

Wako watakaosema kwamba ni rahisi kuilaumu pilau ukiisha kushiba. Nami naikubali hoja hiyo kwa nusu. Ni kweli kwamba alisema baada ya kuacha mshahara ule. Lakini kusema baadaye ni bora kuliko kunyamaza milele, na mtu aliyekuwa jikoni ndiye anayejua kilichotiwa katika mchuzi.

Ubeti wa jina

Sasa nije kwetu, maana fani yetu ina kipimo kinachofaa kwa jambo hili. Mshairi wa Kiswahili, tangu zama za kale, huweka jina lake katika ubeti wa tamati. Husema: mimi fulani, wa mahali fulani, ndiye niliyetunga, mwenye swali aje kwangu. Wasomaji wa magazeti yetu wanajua malumbano makali yaliyozuka kwa sababu mtunzi alijitaja na mwingine akamjibu kwa jina. Mpiga mbiu wa zamani naye alionekana uso, na watu walijua ametumwa na nani. Hata jina la kanga, ambalo aliyelitunga hatumjui, lina mwenyewe: mwanamke anayeivaa kanga ile mbele ya jirani yake ndiye anayebeba maneno yake, na akiulizwa hana pa kukimbilia.

Tangazo la biashara ni utungo usio na ubeti wa jina. Lina vina, lina mizani, lina majazi na fumbo. Tamati yake ina jina la bidhaa, halina jina la mtu. Kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Hiyo ndiyo kasoro, wala si ufupi wake, wala si kwamba limelipiwa. Washairi wa kale walilipwa na watawala, na wengine walitunga vizuri. Wala si kweli kwamba wito mfupi ni upuuzi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa majuma 12. Maneno ni matatu tu. Lakini nyuma yake palikuwa na vipindi vya redio, vijitabu, na vikundi vya masomo vya watu wapatao milioni 2 waliokaa pamoja, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Neno lilikuwa fupi kwa sababu kazi ilikuwa ndefu.

Nasema haya si kama mtu aliye safi. Miaka mingi iliyopita, nikiwa karani kijana katika wilaya moja, niliagizwa nitunge maneno ya bango la kuwahimiza wanakijiji wachangie mfuko wa kisima. Nilitunga mistari minne. Watoto wakaiimba wakienda shule, na michango ikaja. Pampu haikuja, fedha zilikwama mahali ambapo macho yangu hayakufika. Kiangazi cha pili bibi mmoja mzee aliingia ofisini na ndoo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiwe uliyetunga yale maneno ya maji?"

"Ndimi, bibi," nikajibu, na sifichi kwamba nilijibu kwa fahari.

"Ni mazuri. Wajukuu zangu wote wanayajua. Basi, nimekuja kuchukua maji."

Nilimweleza habari za mafungu na idara. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Hao mimi siwajui, baba. Ninayemjua ni wewe." Akachukua ndoo yake akaenda zake. Jina langu halikuwa katika bango lile, ila wilaya ni ndogo, naye alinitia katika ubeti wa tamati bila ya mimi kutaka. Tangu siku hiyo sikutunga tena bango la ofisi kabla ya kuuliza kama kitu chenyewe kipo.

Neno kwa walimu

Kwa maoni yangu riwaya ile ya mwaka 1933 ndiyo ubeti wa jina ambao Sayers aliudaiwa na matangazo yake. Aliulipa kwa kuchelewa, lakini aliulipa kwa ukamilifu: alionyesha ufundi, alikiri utamu, akafichua sumu. Kijana atakayeajiriwa kutunga matangazo asione haya, na asijidharau. Lakini asisubiri miaka kumi kama yeye. Ajiulize siku ileile: nakijua kitu hiki? Ningemwuzia mama yangu kwa maneno haya haya? Mwenye ndoo akija, nitamwambia nini?

Na methali yetu bado inasimama. Haikusema kizuri kisitajwe. Mwenye embe tamu naye hulipanga mezani na kuwaita watu. Ilimwonya anayetembeza akumbuke kwamba mnunuzi ataonja.

Napendekeza zoezi jepesi kwa darasa la kidato cha tatu au cha nne. Kila mwanafunzi anakili tangazo moja aliloliona njiani, alichambue kwa vina, takriri na tamathali zake kama anavyochambua shairi. Akiisha, alitungie ubeti wa tamati: ajitaje jina kana kwamba yeye ndiye mtunzi, ataje anachokijua kwa hakika juu ya kitu kile, na wenzake wamwulize maswali. Matangazo mengine yataupokea ubeti huo vizuri. Mengine yatakosa cha kusema, na mwanafunzi mwenyewe atajua ni kwa nini.